Sharti Lisemwe Kabla

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii husikika kila siku kuanzia Manzese hadi Mbagala, mtu anapotaka kuipa uzito habari ambayo hana ushahidi nayo. Itazame kidogo kama dai, utaona kwamba haina namna ya kushindwa. Ukienea uvumi kuwa nyumba za bondeni zitabomolewa, nazo zikabomolewa, methali imesema kweli. Zisipobomolewa mwezi huu, laja. Mwaka ukipita zingali zimesimama, bado laja. Hakuna siku kwenye kalenda ambayo mtu anaweza kutangaza kwamba leo methali imeongopa. Wahenga hawakuwa wakitunga kanuni ya maumbile. Walionya kwamba uvumi mara nyingi una chanzo, na kwa kazi hiyo methali inatosha kabisa. Ninachokifuata hapa ni umbo lake, kwa sababu umbo hilohilo hubeba madai mazito zaidi, ya dawa, ya magonjwa, ya sera za afya, ambayo watu wa Temeke na Kinondoni huyalipia kwa fedha na mara nyingine kwa maisha. Wanafalsafa wa sayansi wameuliza kwa muda mrefu dai la kisayansi linatofautianaje na lisilo la kisayansi. Likiulizwa kwetu, swali hilo linahusu nani ana haki ya kusema amethibitisha jambo, na sisi tunaomsikiliza tumpime kwa kipimo gani.

Jibu lililojadiliwa kuliko yote katika karne ya 20 lilitoka kwa Karl Popper, aliyezaliwa Vienna mwaka 1902. Ujana wake ulimkuta katikati ya nadharia zilizokuwa na jibu kwa kila kitu: saikolojia ya Freud, ile ya Adler, na nadharia ya historia ya wafuasi wa Marx. Wengine walizipenda kwa sababu hazikuwahi kushindwa. Yeye alianza kuzishuku kwa sababu hiyohiyo. Alitoa mfano wa mtu anayemsukuma mtoto majini ili afe, na mwingine anayejitosa majini kumwokoa. Mfuasi wa Adler angeeleza matendo yote mawili kwa hisia ileile ya unyonge: mmoja anajithibitishia kwamba anathubutu kutenda uovu, mwingine kwamba anathubutu kuokoa. Kinyume chake kilikuwa kile kilichotokea tarehe 29 Mei 1919, siku ya kupatwa kwa jua. Wanaastronomia wa Uingereza walisafiri hadi kisiwa cha Principe, magharibi mwa Afrika, na Sobral nchini Brazil, kupiga picha za nyota zinazoonekana karibu na jua. Einstein alikuwa amekwisha kutaja kiasi ambacho mwanga wa nyota hizo ungepinda. Ungepinda kwa kiasi kingine, nadharia yake ingekuwa matatani mbele ya dunia nzima. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1934 Popper alishikilia kwamba nadharia ya kisayansi ni ile inayokubali kukanushika: inakataza jambo fulani lisitokee, na hivyo inajiweka mahali ambapo inaweza kupigwa.

Mantiki iliyo chini ya wazo hili ni fupi, na mkazi yeyote wa Dar es Salaam anaweza kuifuata kwa kutazama juu ya bati lake. Kunguru waliojaa jijini ni wale wa shingo ya kijivu, ambao asili yao ni India na ambao waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 kabla ya kuenea bara. Mtoto wa Temeke anaweza kuona kunguru elfu kumi wa aina hiyo na kuhitimisha kwamba ndivyo kunguru wote walivyo. Akimwona mmoja zaidi wa shingo ya kijivu, dai lake halijasogea hata hatua moja kuelekea kuthibitika. Akienda Dodoma akamwona mmoja tu mwenye kifua cheupe, dai limekwisha. Mizani haiko sawa: mifano maelfu haitoshi kulithibitisha dai la jumla, mfano mmoja unatosha kuliangusha. Mwanafalsafa David Hume alikwisha kuionyesha nusu ya kwanza katika karne ya 18. Popper alishika nusu ya pili na kuijengea nyumba. Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, na anayetafuta mifano ya kuliunga mkono dai lake ataipata daima. Njia ya sayansi ni kumlazimisha avute pia upande wa pili.

Mafundisho mengi huishia hapo. Mimi naona kwamba hapo ndipo kazi inapoanza, kwa kuwa katika maisha halisi kukanushika hakumo ndani ya sentensi peke yake. Kumo katika mapatano kati ya anayetoa dai na wale wanaomsikiliza, na kiini cha mapatano hayo ni neno linalojulikana vizuri sana Uswahilini: sharti. Nguzo za umeme na kuta za Tandale, Buguruni na Mbagala zimebandikwa matangazo ya waganga wanaorudisha mpenzi, mali iliyoibwa, nyota iliyofifia na kesi iliyoelekea kushindwa. Mteja hupewa dawa pamoja na masharti: usile hiki, usivuke maji, usisalimiane na mtu njiani, usimweleze yeyote. Dawa isipofanya kazi, jibu liko tayari: umevunja masharti. Wapo wanaocheka wakisikia hayo, na nadhani wanacheka mahali pasipostahili. Sharti lenyewe halina kosa. Dawa mseto ya malaria inayotolewa zahanati ina masharti pia: dozi sita ndani ya siku tatu, na imezwe pamoja na chakula chenye mafuta. Mgonjwa aliyemeza dozi mbili akaacha akipata homa tena, daktari naye atasema masharti yamevunjwa, na atakuwa na haki.

Tofauti iko katika mambo mawili. Kwanza ni wakati: sharti la haki husemwa lote kabla ya jibu kujulikana, na halizaliwi jingine baada ya dawa kushindwa. Pili, na hili ndilo zito zaidi, kuvunjwa kwa sharti lazima kuweze kujulikana bila kutazama matokeo. Dozi za malaria zinahesabika. Ukichukua pakiti ya mgonjwa utajua ametumia ngapi hata kama hujui amepona au hajapona. Lakini mtu akiambiwa kwamba dawa haikufanya kazi kwa sababu imani yake ilikuwa haba, na ushahidi pekee wa uhaba huo ni kwamba dawa haikufanya kazi, basi dai limejifungia ndani. Kupona kutaonyesha nguvu ya dawa, kutopona kutaonyesha udhaifu wa mgonjwa, na dawa yenyewe haitasimamishwa mahakamani kamwe. Kipimo hiki kinapima mavazi yote kwa usawa. Mtu mwenye koti jeupe na darubini anayezusha sharti jipya kila matokeo yanapomgeuka yuko upande uleule na mganga wa kwenye nguzo ya umeme, na mganga anayetamka masharti yake yote mapema na kukubali kuhesabiwa yuko upande wa sayansi.

Taifa zima lilifundishwa somo hili mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, aliyejulikana kama Babu, alitangaza kutoka kijiji cha Samunge, Loliondo, kwamba Mungu amemwonyesha dawa ya mti wa mugariga inayoponya UKIMWI, kisukari, saratani, pumu na kifafa. Kikombe kimoja kiliuzwa Sh 500, bei ambayo haikumfanya mtu amshuku kwa tamaa. Magari yalijipanga foleni ya kilometa nyingi, wengine wakiwa wametoka Dar es Salaam, na wapo wagonjwa waliofia njiani kabla ya kukifikia kikombe. Uchunguzi wa awali wa wataalamu wa serikali ulisema dawa haina madhara, na wengi wakalichukua neno hilo kama uthibitisho, ingawa kutodhuru na kuponya ni madai mawili tofauti yanayohitaji mitihani miwili tofauti. Dai la kuponya lilikuwa na sehemu mbili. Sehemu moja ilikanushika waziwazi: UKIMWI una vipimo vya damu, kisukari kina kipimo cha sukari, na mgonjwa aliyepimwa kabla ya kunywa angeweza kupimwa baada ya miezi mitatu. Sehemu nyingine ilikuwa sharti: dawa hufanya kazi ikitolewa na mkono wa Babu tu, kwa yule mwenye imani. Sharti la mkono linapimika, kwa sababu kila aliyefika alikipokea kikombe kwa utaratibu wake. Sharti la imani ndilo lililofunga mlango. Ushuhuda uliokusanywa barabarani ulikuwa wa watu waliojisikia nafuu. Waliozikwa hawakurudi Samunge kutoa ushuhuda wao. Hii ndiyo sababu wataalamu wa afya waliwasihi watu wasiache dawa za kufubaza virusi (ARV), ambazo Tanzania ilikuwa imeanza kuzitoa bure mwaka 2004.

Msomaji anaweza kudhani kwamba nimechagua mfano rahisi, kwa hiyo nichukue mgumu, uliotoka katika jiji hilihili na kwa watu wa koti jeupe. Mwaka 1994 watafiti waliofanya kazi Malawi walichapisha matokeo yaliyovutia mno. Kati ya akina mama wenye VVU waliokuwa na vitamini A kidogo kabisa katika damu, asilimia 32.4 waliwaambukiza watoto wao. Kati ya waliokuwa nayo nyingi zaidi, ni asilimia 7.2 tu. Ngazi za katikati zilijipanga vizuri kati ya namba hizo mbili. Hoja ilionekana kujiandika yenyewe: mpe mama vitamini A, umwokoe mtoto. Kidonge ni cha bei ndogo, kinajulikana, kinatolewa kwa watoto duniani kote, na wakati huo dawa za kufubaza virusi zilikuwa mbali kabisa na uwezo wa kliniki za Temeke na Kinondoni. Kila aliyekuwa na huruma alitaka jambo hili liwe kweli, na nauheshimu utashi huo. Lakini takwimu za Malawi zilikuwa kunguru wa shingo ya kijivu. Zilionyesha vitu viwili vikienda pamoja. Hazikuonyesha kwamba kimoja kinakisukuma kingine, kwa maana mama ambaye ugonjwa umemwelemea anaweza kupungukiwa vitamini A na pia kuambukiza zaidi, vyote viwili kwa sababu moja ya tatu.

Kati ya mwaka 1995 na 1997 wanasayansi wa chuo cha tiba Muhimbili na wenzao wa Harvard waliandikisha wajawazito 1,078 wenye VVU katika kliniki za Dar es Salaam. Kwa njia iliyofanana na kupiga kura waligawanywa makundi manne: la vitamini A, la vitamini nyingine bila A, la zote kwa pamoja, na la vidonge visivyo na vitamini yoyote. Mama hakujua yuko kundi gani. Muuguzi naye hakujua. Kura hiyo ndiyo sharti lililosemwa kabla. Kwa kuwa ni kura, mama aliyezidiwa na ugonjwa hangejikusanya upande mmoja, na mwisho wa safari hakuna ambaye angeweza kusema kwamba vidonge vilishindwa kwa sababu ya aina ya wanawake waliopewa. Matokeo yalitoka kwa awamu. Vitamini nyingine zilisaidia: mimba zilizopotea zilikuwa 30 kwa waliozipata na 49 kwa wasiozipata. Vitamini A haikusaidia lolote katika hilo. Kisha watoto walipofuatiliwa hadi miezi 24, wengi wao wakinyonya, ilionekana kwamba akina mama waliopewa vitamini A waliwaambukiza watoto wao zaidi kuliko wasiopewa, na tofauti ilizidi theluthi moja. Majaribio mengine, Durban na Malawi kwenyewe, hayakuona madhara hayo, lakini hayakuona faida pia. Dai lilikuwa limepewa nafasi ya haki ya kushinda, na likashindwa.

Sasa kuna pingamizi ambalo wanafalsafa wamelitoa kwa Popper tangu mwanzo, na ni pingamizi zito. Pierre Duhem, mwanafizikia wa Ufaransa, alieleza mwaka 1906 kwamba dai haliendi peke yake kwenye mtihani. Linaongozana na msafara wa madai mengine: kwamba chombo kilipima sawasawa, kwamba dawa haikuharibika stoo, kwamba aliyeandika namba hakukosea. Matokeo yakiwa mabaya, mantiki inatuambia tu kwamba mmoja katika msafara ana kosa. Haitutajii jina lake. Thomas Kuhn akaongeza mwaka 1962 kwamba wanasayansi hawaitupi nadharia kila inapojikwaa, na kwamba wangekuwa wapumbavu kama wangefanya hivyo. Ikiwa ni hivyo, je, kuna tofauti gani kati ya mwanasayansi anayelaumu chombo na mganga anayelaumu imani ya mteja?

Tanzania ina mfano wa kulijibu swali hili, na ni mzuri kuliko mingi iliyomo vitabuni. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye friza yakiwa bado ya moto kwa hofu ya kukosa nafasi, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye huko Mkwawa, Iringa, alikebehiwa na mwalimu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Alipomwuliza Denis Osborne, profesa wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutembelea shule, wenzake walicheka. Osborne alirudi jijini na kumwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi alileta habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza kweli, kisha akaahidi kuendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu lililo sahihi. Ahadi hiyo imesimuliwa mara nyingi kama kichekesho, nami naiona kuwa ndiyo hoja ya Duhem katika vazi la kazi: fundi aliamini kanuni kuliko beseni lake, akahisi kosa liko kwenye msafara. Osborne alifanya tofauti. Aliyapokea matokeo kama matokeo, akayachapisha pamoja na Mpemba mwaka 1969, na kuwaachia wengine wayapige.

Wameyapiga kwelikweli. Mwaka 2016 wanafizikia Burridge na Linden, walioyarudia majaribio hayo kwa uangalifu, waliandika kwamba hawakuona ushahidi wa maana wa maji ya moto kupoa upesi zaidi, na kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja kunaweza kuzaa tofauti iliyodaiwa. Wengine wanashikilia kwamba inategemea unakusudia nini ukisema kuganda: kufikia sifuri, kuonekana kwa barafu ya kwanza, au kuwa barafu yote. Hapa msafara mzima unalaumiwa, kipimajoto, chombo, maana ya neno, na bado hii ni sayansi. Kwa nini? Kwa sababu kila lawama imetolewa katika umbo linaloweza kupimwa na mtu mwingine peke yake. Anayesema kosa liko kwenye mahali pa kipimajoto ametoa dai jipya linalokanushika: kiweke mahali palepale mara zote, na tofauti itapotea. Lawama ya imani haba haizai jaribio lolote. Kwa hiyo namkubalia Duhem kwamba mantiki peke yake haitoshi, na ndiyo maana nimesema kukanushika ni mapatano. Mtoa dai anaruhusiwa kulaumu msafara, lakini akimtaja mkosaji, amtoe nje tumwone.

Pingamizi jingine linatoka mtaani. Jiji si maabara, nalo halikubali kupigiwa kura kama vidonge. Mwaka 2004 Dar es Salaam ilianzisha mpango wa kudhibiti malaria mijini uliohusisha kata 15 za Ilala, Kinondoni na Temeke. Vijana wa mitaa, kwa posho ndogo, walipita kila wiki kwenye mifereji, matuta ya mboga na madimbwi wakiweka dawa ya bakteria inayoua viluwiluwi vya mbu. Walianza mwaka 2006 na kata tatu, Buguruni, Mikocheni na Kurasini, wakafika tisa mwaka uliofuata na zote 15 mwaka 2008. Maambukizi yalipungua. Lakini miaka hiyohiyo malaria ilikuwa ikipungua kwingi, watu walikuwa wakinunua vyandarua na kuweka wavu madirishani, mvua ilibadilika mwaka hadi mwaka, na kata tatu za kwanza hazikuchaguliwa kwa kura. Makadirio ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha kinga kubwa sana. Uchambuzi wa mwaka 2013, uliotazama kipindi kirefu na kuondoa athari za vitu vingine kadiri ilivyowezekana, ulishusha kinga hiyo hadi karibu asilimia 21.

Popper mkali angesema hapo hakuna mtihani wa kweli, kwani matokeo mabaya yangeweza kusingiziwa mvua. Sikubaliani naye kwa kiwango hicho. Mitihani ina ukali tofauti, kama mashimo ya nyavu za wavuvi wa Kunduchi: kuna wavu unaokamata dagaa na kuna unaoacha changu apite. Mpango wa viluwiluwi ulikuwa na mtihani wa mashimo ya kati. Ungepoteza kabisa kama kata zilizowekewa dawa zingefanana na zile zilizokuwa zikingoja zamu, na hilo lingeonekana. Ninachodai ni kwamba ukubwa wa mashimo utajwe pamoja na matokeo. Diwani akiambiwa asilimia 21, aambiwe pia kwamba namba hiyo imetoka kwenye wavu wa aina gani, ili asiipange bajeti ya Kinondoni kana kwamba imetoka kwenye kura ya Muhimbili.

Kuna pia mtihani unaoanzishwa vizuri kisha ukaachwa katikati, na huo ni hatari kwa sababu unafanana na mzima. Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na vitu vingine zilipelekwa kwa siri kwenye maabara ya taifa zikiwa na majina ya watu, na baadhi zikarudi na jibu la kuwa na virusi vya korona. Kupeleka sampuli ambazo jibu lake unalijua ni mbinu halali. Maabara zote nzuri hujipima hivyo. Lakini papai likipata jibu la kuwa na virusi, msafara wa Duhem uko mbele yako: huenda vitendanishi ni vibovu, huenda sampuli zimechafuana mezani, huenda majina yamepishana. Kila moja lina jaribio lake, na kila jaribio lingehitaji siku chache. Takwimu za kitaifa zilikoma mwanzoni mwa mwezi huo, visa vikiwa 509, na hazikurudi hadi mwaka 2021. Mwezi Juni 2020 ilipotangazwa kwamba ugonjwa umekwisha nchini, kauli hiyo haikuwa na namba yoyote ya kuipinga wala ya kuiunga mkono. Ilikuwa imepata umbo la methali tuliyoanza nayo.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kipimo cha Vienna kinachotumiwa kudharau tiba za mababu. Nalichukulia pingamizi hili kwa uzito, kwa sababu dharau hiyo ipo, na aliyemkebehi Mpemba alikuwa mwalimu wa sayansi. Lakini dharau ni kukataa bila kupima. Artemisinini, inayotibu malaria katika zahanati zetu zote leo, ilitoka kwenye mmea wa tiba ya jadi ya China. Tu Youyou na wenzake waliupa mtihani, ukafaulu, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Muhimbili ina taasisi ya tiba asili kwa sababu hiyohiyo. Mganga wa Mbagala anayejua mzizi unaoshusha sukari anapokea heshima kubwa kuliko zote pale mtu anapomwambia: taja dozi, taja siku, taja namba ya sukari tutakayoiona, tuhesabu pamoja. Upande wa dini nao, sala haihitaji ruhusa ya Popper. Anayesali apate nguvu ya kubeba ugonjwa hajatoa dai la maabara, na hakuna anayepaswa kumwuliza kipimo. Akiambiwa atupe ARV kwa kuwa amekwisha kupona, hapo limetolewa dai kuhusu damu, na damu inapimika.

Linabaki pingamizi moja, nalo linaniuma zaidi ya mengine. Mtihani wa aina hii hufanyika juu ya miili ya watu, na kwa kawaida ni watu maskini. Wale wanawake 1,078 hawakuja kliniki kuikanusha nadharia ya mtu. Walikuwa wajawazito, wenye VVU, katika jiji ambalo wakati huo halikuwa na kitu kingine cha kuwapa, na baadhi yao walimeza kidonge ambacho kwa ushahidi wa jaribio hilo kiliongeza hatari kwa watoto wao. Sina jibu linaloufuta uzito huo. Ninaloweza kufanya ni kuuweka karibu na uzito mwingine. Takwimu za Malawi zilikuwa zimekwisha kushawishi wengi. Kidonge kingeweza kugawiwa kila kliniki, kutoka Mbagala hadi Bunju, kwa nia njema, na madhara yoyote yangetawanyika majumbani bila mtu wa kuyahesabu, kwa kuwa pasipo kundi la kulinganisha mtoto aliyeambukizwa angeonekana tu kama mmoja wa wale ambao dawa haikuwawahi. Katika jaribio kulikuwa na kamati huru iliyopewa haki ya kutazama namba kabla ya mwisho na kusimamisha kazi. Mwaka 2000, ushahidi ulipokusanyika, vitamini A peke yake ilisimamishwa. Akina mama waliokuwa kwenye vitamini nyingine waliendelea kumeza na kufuatiliwa, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2004, waliofika hatua ya mwisho ya UKIMWI au kufariki walikuwa asilimia 24.7 ya waliopata vitamini hizo bila A, na asilimia 31.1 ya waliopewa vidonge vitupu.